Pawabenki ipi ununue Dodoma, na ipi uiache dukani

Nina ugonjwa wa vifaa. Pawabenki mpya ikiingia mjini lazima niishike, niigeuze, nisome yale maandishi ya sisimizi ya mgongoni, na baadhi ya wauzaji pale soko la Majengo wakiniona tu wananisogezea boksi bila kuulizwa. Siku hizi yamo mengi ya kuchezea: kioo kinachoonyesha asilimia kwa tarakimu (taa nne za zamani sitaki hata kuziona), waya ulioshonwa humo humo ukawa mkanda wa kubebea, sumaku ya kunasia simu. Ila kwa sisi wa huku, ambao umeme unaweza kurudi kwa saa chache tu kisha ukakatika tena, au unapanda gari la alfajiri kwenda Kondoa, swali la kwanza si inabeba mAh ngapi (kipimo cha chaji inayohifadhi). Ni yenyewe inajaa kwa muda gani.

Hiyo mAh kwanza. Namba kubwa ya kwenye boksi hupimwa kwenye seli za ndani, zenye volti 3.7. Simu inapokea volti 5 au zaidi, kwa hiyo umeme unabadilishwa, na katika kubadilishwa huko sehemu yake inapotea kama joto. Ndiyo maana pawabenki halali ya 10,000 huandikwa na mtengenezaji mwenyewe, kwa herufi ndogo, kwamba inatoa kitu kama mAh 6,000 kwa volti 5. Simu ya betri ya 5,000 utaijaza mara moja na theluthi hivi, ukibahatika moja na nusu. Ukisikia "mara mbili", muuzaji kapiga hesabu ya darasa la pili. Na pawabenki isiyo na huo mstari mdogo mimi siinunui.

Namba moja wangu ni ya mAh 10,000 yenye tundu la taipu-C linaloingiza na kutoa, ya wati 18 kwenda juu pande zote mbili. Pande zote mbili, narudia, maana hapa ndipo watu wanapigwa bila kujua. Boksi litapiga kelele "22.5W" kwa mbele, kumbe hizo ni za kutoa tu. Pindua, tafuta palipoandikwa "Input" (umeme unaoingia), uzidishe volti kwa ampea: 5 mara 2 ni wati 10, na hiyo itakaa kwenye soketi saa tano. 9 mara 2 ni wati 18, inajaa kwa saa tatu au tatu na nusu, mradi na chaja yako iwe ya wati hizo. Umeme ukirudi mchana ukakaa saa tatu na nusu, wa kwanza hajamaliza na wa pili ameshachomoa. Uzito wake ni gramu 200 na kitu, mfukoni inakaa. Oraimo, Xiaomi na Anker wote wanazo za aina hii. Jina kubwa halikuondolei kazi ya kukagua lakini: Juni 2025 Anker wenyewe waliita zirudishwe PowerCore 10000 za toleo la A1263, zaidi ya milioni moja Marekani peke yake, kwa hofu ya moto. Ukiuziwa ya mkononi, soma namba ya toleo kabla ya kutoa hela.

Ya pili ni 20,000. Hii ni ya nyumba yenye simu tatu, au ya mtu anayekwenda kukaa siku mbili kijijini Bahi au Mpwapwa ambako hana uhakika wa soketi. Mwanafunzi wa UDOM anayetaka kuchajia laptopu atafute inayotoa wati 45 au zaidi, vinginevyo laptopu itaitazama tu. Shida yake ni uzito, karibu nusu kilo, na kwa chaja ya wati 10 inakula usiku mzima. Kwenye ndege haina tatizo: ni Wh 74 (wati-saa, yaani Ah 20 mara volti 3.7), na kikomo cha kawaida ni 100, ila ibebe mkononi, usiitie kwenye begi la mizigo.

Za sumaku nazipa nafasi ya tatu kwa shingo upande, kwa sababu nazipenda. Ule mlio wa "tak" simu inaponasa mgongoni ni raha tupu. Zinawafaa wenye iPhone kuanzia 12 (isipokuwa SE na 16e), na Infinix nao walileta chaji ya sumaku kwenye Note 40 mwaka 2024. Simu nyingi za bei ya kati hazichaji bila waya kabisa. Halafu umeme unaopita bila waya unapotea zaidi na simu inachemka. Novemba ya Dodoma, kabla mvua hazijashuka, joto tunalo la kutosha.

Sasa zile za sola, ambazo kila mtu ananiambia, "Kaka, jua lote hili la Dodoma!" Jua lipo. Kinachokosekana ni ukubwa wa paneli. Kipande cha sola cha ukubwa wa simu, jua likiwa la utosi, kinatoa wati moja, moja na nusu. Kujaza Wh 74 za ile ya 20,000, ukipata jua kali kwa muda wa saa sita kila siku, kunachukua zaidi ya wiki. Na ili upate hizo wati lazima uianike, wakati seli za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa zikivuka nyuzi 45, joto ambalo plastiki nyeusi juu ya bati inalipita kabla ya adhuhuri. Unaichaji kidogo huku unaiua. Ukitaka sola, nunua paneli ya kukunjua peke yake, pawabenki uiweke kivulini.

Za mwisho ni zile za "50,000 mAh" nyepesi kama boksi la kiberiti. Seli moja ya kawaida ina gramu 45 hivi na inabeba kama mAh 3,000, kwa hiyo 50,000 ya kweli inakaribia kilo. Pale sokoni mizani haiko mbali: mwombe mama anayeuza karanga akupimie. Mimi hufanya hivyo, tunacheka, na muuzaji wa pawabenki anaangalia pembeni.

Ukishachagua, ijaribu hapo hapo kwa waya wako, uone simu inaandika inachaji haraka. Dai risiti, na muda wa waranti uandikwe juu yake. Akikuambia waranti inaishia mlangoni, mrudishie boksi lake uende duka la pili.