Jenereta ya kuendeshea kiyoyozi cha tela la kulala: uzoefu wangu Dodoma

Kazi yangu ni upimaji wa ardhi, na kwa sehemu kubwa ya kiangazi timu yetu hukaa vijijini katika wilaya za Bahi, Chemba na Kondoa. Umeme siku hizi umefika katika vijiji vingi, lakini nguzo hazifiki porini tunakopiga kambi. Tunatumia tela la kulala lililotengenezwa Afrika Kusini, lenye vitanda viwili, meza ya kompyuta na kiyoyozi cha juu ya paa cha BTU 11,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza). Mwezi Oktoba na Novemba, joto la mchana linapopita nyuzi 30 na tela likashinda juani, ndani hakukaliki hadi usiku mkubwa, na kompyuta nazo huanza kujizima. Ndiyo maana tulitafuta jenereta ya kubebeka inayoweza kuendesha kiyoyozi hicho. Ninayoyaandika hapa yametokana na kuchagua, kujaribu na hatimaye kuitumia kwa zaidi ya msimu mmoja.

Jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi ni kwamba ukubwa wa jenereta hauamuliwi na umeme ambao kiyoyozi hula kikiwa kimetulia, bali na ule kinaoudai katika ile nusu sekunde ambayo kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi ya kupoza, inawaka. Kabla ya kwenda dukani nilimwomba fundi wetu wa umeme aunganishe tela kwenye umeme wa kawaida wa nyumbani na kupima mkondo kwa mita ya kubana waya. Kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi kilikula takriban ampea 5, yaani karibu wati 1,100, lakini kompresa ilipokuwa inaanza, mshale uliruka hadi ampea 24 hivi kabla ya kushuka. Sasa chukua jenereta iliyoandikwa kVA 3 (kVA ni kipimo cha uwezo wa jenereta): kwa volti 230, uwezo wake ni takriban ampea 13. Kwa mtu anayesoma karatasi ya kiyoyozi peke yake, jenereta hiyo inaonekana kubwa kupita kiasi. Kwa kompresa inayowaka, ni ndogo.

Ukitafuta ushauri mtandaoni, mwingi utaukuta umeandikwa na Wamarekani, na ni vizuri kuusoma kwa uangalifu. Matela yao hutumia volti 120 na hezi 60 (hezi ni idadi ya mawimbi ya umeme kwa sekunde), na viyoyozi vyao vya paa kwa kawaida ni vya BTU 13,500 au 15,000, kwa hiyo idadi ya ampea wanazozitaja ni karibu mara mbili ya zile utakazoziona hapa kwa nguvu ileile. Wati zinalinganishika, ampea hazilinganishiki. Zaidi ya hapo, jenereta iliyoletwa kutoka Marekani ikiwa imetumika, hata kama bei yake inavutia, haitakufaa kwa kiyoyozi cha volti 230 na hezi 50, na hilo halirekebishwi kwa kubadilisha plagi ya ukutani.

Kisha kuna suala la mwinuko, ambalo sisi wa Dodoma hatuna budi kulihesabu. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Kondoa iko juu zaidi. Injini ya petroli isiyo na tabo (turbo) hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Maana yake ni kwamba jenereta iliyoandikwa wati 2,800, hapa kwetu niliihesabu kama ya wati 2,400 na ushee, na joto la mchana nalo linapunguza kidogo zaidi. Aliyeko Dar es Salaam hana haja ya hesabu hiyo, na pengine ndiyo sababu muuzaji wa Kariakoo niliyempigia simu alishangaa kusikia ninauliza kuhusu mwinuko.

Madukani nilikuta aina tatu. Ya kwanza ni vile vijenereta vidogo vya petroli iliyochanganywa na oili, ambavyo ni vya kuwashia taa, televisheni na kuchaji simu. Hivyo havihusiki kabisa na kiyoyozi. Ya pili ni jenereta za fremu ya wazi, za kVA 2.5 hadi 5, ambazo ndizo utazikuta kwenye saluni na kwa mafundi wa kuchomelea. Ya tatu ni jenereta za inveta, zilizofunikwa kwa boksi la plastiki, ambazo huzalisha umeme, huugeuza kuwa wa moja kwa moja (DC, kama wa betri), kisha huugeuza tena kuwa wa mawimbi laini ya hezi 50 bila kujali injini inazunguka kwa kasi gani.

Tofauti hiyo ya mwisho ina uzito kuliko inavyosikika. Jenereta ya fremu ya wazi lazima izunguke mara 3,000 kwa dakika muda wote ili itoe hezi 50, iwe inaendesha kiyoyozi au inachaji simu moja. Kelele yake haipungui, na petroli haipungui sana. Ya inveta hushusha mwendo wa injini mzigo unapokuwa mdogo. Kwa kiyoyozi, ambacho kompresa yake hukata na kuwaka usiku kucha, hapo ndipo petroli nyingi inapookolewa.

Nilikubaliana na muuzaji mmoja hapa mjini nilete tela dukani kwake tujaribu kabla ya kulipa, na ninamshauri yeyote anayenunua afanye hivyohivyo. Tulianza na ya fremu ya wazi iliyoandikwa kVA 3. «Hii, kaka, inaendesha hata mashine ya kuchomelea», aliniambia kijana wa duka, na sikubishana naye. Kompresa ilipojaribu kuwaka, injini ilikoroma, taa za tela zikafifia, volti zikashuka chini ya 180, kompresa ikatoa mngurumo bila kuzunguka, kisha ikajikata. Mara ya pili iliwaka. Muuzaji aliona huo ni ushindi, lakini kwangu kompresa inayowaka kwa kubahatisha ni kompresa inayoungua taratibu. Ile ya kVA 5 iliiwasha bila shida, ila kelele yake ilitufanya tuzungumze kwa kupaza sauti, na niliwahi kulala karibu na mashine ya namna hiyo katika kijiji kimoja cha Bahi ambako mwenyekiti wa kitongoji alikuja mwenyewe, kwa adabu kubwa, kutuomba tuizime.

Tuliyoichukua ni ya inveta, Honda EU30is, yenye injini ya sentimita za ujazo 196, uwezo wa juu wa wati 3,000 na uwezo wa kudumu wa wati 2,800. Tulipoijaribu peke yake haikufanikiwa. Jenereta ya inveta haina ule uvumilivu wa ile ya fremu ya wazi. Ikizidiwa haivuti kwa kukoroma, bali taa nyekundu huwaka na umeme hukatwa papo hapo huku injini ikiendelea kunguruma kana kwamba hakuna kilichotokea. Kilichoifanya ifae ni kifaa kidogo kinachoitwa softi-stata, ambacho fundi alikifunga ndani ya kiyoyozi kwenye waya za kompresa. Kazi yake ni kuiwasha kompresa kwa hatua badala ya kwa kishindo kimoja. Baada ya kukifunga, mita ilionyesha ampea zisizozidi 10 wakati wa kuwaka, na tangu hapo ile taa nyekundu nimeiona mara chache sana, tena kila mara ni kwa sababu mtu alikuwa amewasha birika la umeme huku kiyoyozi kikifanya kazi.

Kwa hiyo, kama bajeti yako haitoshi kwa vyote viwili, ushauri wangu ni kushughulikia kiyoyozi kwanza. Softi-stata ni rahisi kuliko tofauti ya bei kati ya jenereta ndogo na kubwa, na kama bado hujanunua kiyoyozi, tafuta chenye kompresa ya inveta, ambayo huanza taratibu yenyewe. Mtu mwenye kiyoyozi cha namna hiyo cha BTU 9,000 anaweza kutosheka na Honda EU22i, ambayo ina uzito wa kilo 21 tu na uwezo wa kudumu wa wati 1,800, ingawa tangi lake la lita 3.6 halitamfikisha asubuhi. Mbili za aina hiyo huweza pia kuunganishwa zikafanya kazi pamoja, na kwa mtu anayesafiri bila msaidizi huenda hilo likawa bora kuliko uamuzi wetu.

Katika matumizi ya EU30is yetu, nimeridhika hasa na utulivu wake. Watengenezaji wanasema kelele yake kwa umbali wa mita 7 ni karibu desibeli 50 ikiwa na mzigo mdogo na chini ya 60 ikiwa na mzigo kamili, na masikio yangu hayana pingamizi. Mzee mmoja wa Chemba alitusalimia alfajiri akauliza, «Wanangu, ile mashine yenu mliizima saa ngapi jana?» Ilikuwa bado inafanya kazi nyuma ya mti. Tangi la lita 13 likijazwa saa mbili usiku hutufikisha asubuhi na petroli inabaki, maana usiku kompresa hupumzika mara kwa mara.

Swichi ya kupunguza mwendo wa injini ninaizima kabla ya kuwasha kiyoyozi, kisha ninaiwasha tena swichi hiyo pale kompresa inapokuwa imetulia, kwa sababu injini iliyo kwenye mwendo wa chini huchelewa kuitikia mzigo wa ghafla. Vilevile, kiyoyozi kikizimwa kisiwashwe tena kabla ya dakika tatu kupita. Gesi ndani ya mabomba inahitaji muda wa kusawazisha shinikizo, na kompresa inayolazimishwa kuwaka mapema hudai umeme mwingi kuliko kawaida, softi-stata iwepo isiwepo.

Vumbi la Dodoma ni adui wa kweli. Kitabu cha jenereta kinasema chujio la hewa lisafishwe kila baada ya saa 50, au mapema zaidi palipo na vumbi. Sisi katika miezi ya upepo hatungojei saa 50. Sponji huoshwa kwa maji ya sabuni, hukaushwa kivulini, hutiwa oili kidogo na kukamuliwa. Oili ya injini tuliibadilisha baada ya saa 20 za mwanzo, na sasa kila saa 100, takriban nusu lita na kidogo. Ukiiweka mahali pa mteremko inaweza kujizima yenyewe ikidhani oili imepungua, kwa hiyo usikimbilie kumlaumu muuzaji kabla ya kuisawazisha.

Kuhusu moshi sina mzaha. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na tela lenye kiyoyozi hulala madirisha yakiwa yamefungwa. Jenereta yetu hukaa mita 6 au zaidi kutoka telani, ekzosi ikielekezwa upande ambao upepo unakwenda; kwa kuwa upepo wetu mara nyingi hutoka mashariki au kusini-mashariki, tunaiweka magharibi. Haiwekwi chini ya tela, wala nyuma ya pikapu iliyofunikwa turubai hata mvua ikinyesha. Ndani tuna kengele ya kaboni monoksaidi ya betri. Umbali huo unadai waya wa maana: tunatumia wa milimita za mraba 2.5, kwani ule mwembamba wa kuchajia simu hula volti wakati wa kuwaka na kurudisha tatizo ambalo umeshalilipia kuliondoa.

Nisiyoyapenda yapo. Uzito wa jenereta yetu ni karibu kilo 60, kwa hiyo huinuliwa na watu wawili, na bei niliyotajiwa ilikuwa zaidi ya mara tatu ya ile ya fremu ya wazi ya kVA 5. Mafundi wa kawaida wa jenereta wataweza kabureta na plagi, lakini kadi ya inveta ikifa, si kila fundi wa mjini atakayethubutu kuigusa. Zipo pia za kuigiza zenye boksi la rangi ileile. Mimi niliangalia namba iliyogongwa kwenye injini na nikaipima uzito, maana nyingi za bandia ni nyepesi.

Nikiri pia kwamba si kila mwenye tela hapa kwetu anahitaji haya yote. Juni na Julai usiku wa Dodoma ni wa blanketi. Na kwa kuwa hewa yetu ya kiangazi ni kavu, feni ya maji inayokula wati mia hivi hupoza vizuri hadi mvua zinapokaribia, na hiyo huendeshwa hata na sola ndogo. Betri za kuendesha kiyoyozi usiku mzima zinawezekana, lakini bei zake zilitushinda. Sisi tulilipia jenereta kwa sababu ya kompyuta, na kwa sababu ya mbu wa bwawa la Bahi, ambao hawaruhusu mtu kulala dirisha likiwa wazi.