MuseScore na ufunguo wa sauti ya tatu

Naongoza kwaya huku Kadutu, Bukavu. Nota nyingi zinazotufikia, sauti ya tatu (tena) imeandikwa kwa ufunguo wa fa, yaani ile alama ya mwanzo wa mistari inayoonyesha nota ipi inakaa wapi. Wazee hawana shida nao. Vijana wanataka ufunguo wa sol, ule wenye 8 ndogo chini yake. MuseScore, programu ya kompyuta ya kuandika nota, inafanya kazi hiyo ya kubadili ufunguo bure, hata bila intaneti. Bofya ufunguo ulioko mwanzo wa mistari, chagua mwingine kwenye paleti (kidirisha cha alama), basi.

Kinachonifurahisha ni kwamba sauti haibadiliki hata kidogo, nota ndizo zinazohama zenyewe. Do ya kati iliyokuwa juu ya mistari mitano, kwenye kamstari kake, sasa inakaa nafasi ya tatu. Ila angalia: ukichagua sol ya kawaida, isiyo na 8, do hiyohiyo inaning'inia chini, na nota za chini zaidi zinarundika vimstari mpaka macho yanauma. Vijana watakununia, na wana haki.

Kubadili katikati ya wimbo, gusa kwanza kipimo chenyewe (nafasi kati ya mistari miwili ya wima), ndipo ubofye ufunguo. Kisha toa PDF, weka kwenye flashi, wahi sekretariati (duka la kuchapisha) kabla umeme haujakatika.