Windy kwa sisi wa pwani ya Tanga: usiangalie mstari peke yake

Hii aplikesheni ya Windy, ya ramani za utabiri wa upepo na mawimbi, kama una chombo baharini au una ndugu anayevua, iweke kwenye simu, na ile ya bure inatosha kabisa. Pale Deep Sea, wanaposhusha samaki hapa Tanga, wapo wanaoifungua kila siku kucheki upepo wa kusi umekazaje, ila mie naona kazi yake kubwa inakuja kipindi cha kimbunga.

Mwezi wa 5 mwaka 2024 kilipokuja kimbunga Hidaya watu walikuwa wanatumiana picha ya ule mstari wa njia ya kimbunga kwenye ramani, unaoelekea Mafia, basi huku wengine wakasema aah kinapita kusini hakituhusu. Jamani, ule mstari ni njia ya kitovu tu, upepo, mawimbi na mvua vinatanda mbali sana pembeni yake! Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 kikaishiwa nguvu, lakini boti za Dar na Zanzibar zilisimama na kule Somanga maji yakakata barabara ya kusini. Kwa hiyo usiishie kwenye mstari, bonyeza mawimbi, bonyeza upepo, halafu weka kidole pale pale chombo chako kilipo, iwe Sahare au Kigombe, uone saa ngapi bahari inachafuka.

Ninachokipenda zaidi ni kulinganisha. Unachagua utabiri wa ECMWF wa Ulaya, kisha GFS wa Marekani, ramani ile ile. Zikikubaliana mahali na siku, anza kuvuta ngalawa juu. Zikipishana, moja inakipeleka Mtwara nyingine Msumbiji, ujue bado, ya siku 5 mbele usiishike sana ila usiache kufuatilia. Mwaka 2019 watu wa Mtwara walihamishwa kwa ajili ya kimbunga Kenneth, kikaenda kutua Cabo Delgado, Msumbiji, na mie nasema walifanya sawa kuhama maana kingeweza kupinda kidogo tu kikawakuta.

Mapungufu yapo. ECMWF inakata ramani vipande vya kama kilomita 9, kwa hiyo vitu vidogo vya mkondo wa Pemba na mdomo wa Pangani haivioni vizuri. Na kwenye kina cha maji ufukweni mwezi wa angani lazima uuhesabu, kimbunga kikiangukia bamvua (maji yanapojaa sana) maji yanaingia ndani kuliko kikija wakati wa maji mafu (yanapojaa kidogo), hapo waulize manahodha wazee. Onyo lenyewe la kutoka au kutotoka chukua la TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, wanatoa kwa Kiswahili.

Nyota 4 kati ya 5, na fungua ramani mapema bando likiwepo, upepo ukishaanza mtandao nao unasumbua.