Mgahawa Usiopokea Watoto Baada ya Saa Kumi na Mbili Jioni: Nimekula Mara Mbili, Nimerudishwa Mara Moja

Mgahawa ninaouzungumzia uko upande wa Forest, jijini Mbeya, katika nyumba ya zamani yenye baraza pana inayotazama bustani. Jina lake nalihifadhi, kwa kuwa sehemu ya haya ninayoandika ni malalamiko, na mwenye mgahawa hayupo hapa kujitetea. Nimefika pale mara tatu kati ya mwisho wa Juni na Agosti: mara ya kwanza nilirudishwa mlangoni, mara ya pili nilikula mchana pamoja na watoto wangu, na mara ya tatu nilikula usiku bila wao.

Mara ya kwanza ilikuwa Jumamosi, saa moja usiku. Tulikuwa watano: mimi, mume wangu, mama mkwe aliyekuwa amewasili mchana ule kutoka Kyela, binti yetu wa miaka saba na mdogo wake wa kiume wa miaka minne. Asubuhi nilikuwa nimepiga simu kuweka nafasi, nikasema waziwazi kwamba tungekuwa watu wazima watatu na watoto wawili, nikajibiwa "karibuni sana". Tulipofika, mhudumu alitupokea kwenye ngazi, akamwamkia mama mkwe kwa adabu zote, kisha akatuonyesha kibao kilichoandikwa kwa chaki: watoto walio chini ya miaka kumi, mwisho saa 12 jioni. Kibao hicho kilikuwa kimeegemezwa ukutani nyuma ya chungu cha maua, mahali ambapo mtu hukiona akiwa ameshamlipa dereva wa bajaji na bajaji yenyewe imeshakunja kona. Mama mkwe aliuliza swali moja tu, "Sasa hawa wakale wapi, mwanangu?", na yule kijana akainamisha kichwa, maana sheria hakuitunga yeye.

Anayeijua baridi ya Mbeya ya mwezi wa sita ataelewa kusimama barabarani na mtoto wa miaka minne na mama wa Kyela, aliyezoea joto la kando ya Ziwa Nyasa, kulivyo. Tuliishia kula chipsi mayai Mafiati, mama mkwe akiwa amejifunika kitenge mpaka masikioni, na binti yangu akiuliza kila baada ya muda walikuwa wamefanya kosa gani.

Nilirudi kwa sababu ya sifa za jikoni, na sifa hizo ni za kweli. Jumapili iliyofuata, saa saba mchana, tuliagiza kuku wa kienyeji mzima wa shilingi 38,000, samaki mbasa wa kukaanga, ndizi za nazi na wali wa mchele wa Kyela. Wali ulikuja ukiwa umechambuka punje kwa punje, na harufu yake ilitufikia kabla ya sahani. Mbasa alikuwa amekaangwa kwa mafuta safi, ngozi imekauka na nyama ya ndani bado ina maji yake, tofauti na sehemu nyingi za mjini ambako samaki huyu hukaangwa asubuhi na kupashwa moto mchana. Kuku alikuwa amechemshwa kwanza kwa tangawizi na kitunguu saumu, kisha akamaliziwa kwenye mkaa. Mama mkwe, ambaye si mwepesi wa kusifu mapishi ya watu, aliomba mchuzi zaidi. Kachumbari ilikuwa na chumvi nyingi, lakini hilo ni dogo.

Kubwa ni muda. Chakula hicho kilichukua dakika hamsini na tano kufika mezani, na katika dakika hizo ndipo nilipouelewa mgahawa huu kuliko nilivyouelewa kwa kusoma kibao. Dakika ya ishirini, mwanangu alikuwa amemwaga chumvi mezani na kuchora humo barabara ya kwenda Tukuyu, yenye kona zote. Dakika ya thelathini na tano alikuwa chini ya meza. Dakika ya arobaini na tano aliniponyoka mkononi akakimbilia mlango wa jikoni, wakati uleule mhudumu akitoka na sinia lenye bakuli tatu za supu ya moto. Kijana yule alinyanyua sinia juu ya kichwa chake kwa wepesi wa mtu aliyekwisha kukutwa na jambo hilo, mwanangu akapita chini ya kiwiko chake, na supu haikumwagika. Nilikwenda kuomba radhi huku magoti yakinitetemeka. Hakunikemea. Alirudi jikoni akaleta kipande cha ndizi ya kuchoma kwenye kisosi, akachuchumaa, akamwambia mtoto, "Hii ni ya moto, ipulize kwanza." Mtoto alipuliza, akala, akapuliza tena, na kwa dakika kumi meza yetu ilikuwa kimya kuliko zote.

Ndizi ile ingeletwa dakika ya kumi, mkasa wa supu usingetokea. Kuku wa kienyeji haivi kwa dakika kumi, na hakuna mteja mwenye akili anayetaka aive hivyo. Lakini mgahawa unaojua kwamba chakula chake huchukua karibu saa nzima, ambao hauna hata kiazi cha kuchemsha cha kumtangulizia mtoto, katika mkoa ambao viazi hupita kwa malori kila siku kutoka Uporoto, unazitengeneza wenyewe kelele unazozikimbia. Nilitazama orodha ya vyakula kuanzia mwanzo hadi mwisho sikuona sahani ndogo, wala nusu bei, wala kitu chochote kinachoweza kufika mezani kabla ya dakika thelathini isipokuwa soda. Mtoto mwenye njaa akipewa soda, tunajua kinachofuata.

Mara ya tatu tulikwenda wawili, mimi na mume wangu, saa mbili usiku. Baraza ilikuwa imewashwa majiko ya mkaa kati ya meza, na kwa kuwa upande mmoja uko wazi, moshi ulitoka vizuri na joto likabaki magotini. Ilikuwa pazuri, nakiri. Utulivu, hata hivyo, haukuwepo kwa kiwango nilichokitarajia, kwa sababu bwana mmoja wa meza ya jirani aliweka simu yake kwenye spika na kujadili kiwanja cha Uyole kwa muda wa chakula chote, hivi kwamba tulipoondoka nilikuwa nafahamu bei ya kwanza, bei ya mwisho, na jina la mwenyekiti wa mtaa. Kwake yeye hapakuwa na kibao.

Mwenye mgahawa alikuwa kaunta usiku huo, nami nikamweleza yaliyotupata Juni. Aliomba radhi kwa suala la simu, akasema aliyeipokea alikuwa mgeni kazini. Kuhusu umri hakulegea. "Mama, nina majiko sita yanawaka sakafuni," alisema, "mtoto mmoja akianguka hapo, nitakueleza nini?" Sababu hiyo ni nzito, na mtu aliyeona sinia la supu likipita juu ya kichwa cha mwanawe hawezi kuidharau. Lakini majiko yapo barazani tu. Chumba cha ndani chenye meza tano hakina jiko hata moja, na usiku ule meza tatu zilikuwa tupu. Nilipomwonyesha hilo alicheka kidogo, kisha akatoa sababu ya pili, kwamba wapo wageni wanaolipia utulivu, na kwamba hata Ulaya na Marekani wanafanya hivyo.

Hapo hakukosea. Mgahawa wa Nettie's House of Spaghetti, katika jimbo la New Jersey, ulitangaza kuwa kuanzia Machi 8, 2023 haungewapokea watoto walio chini ya miaka kumi, na kukimbiakimbia kwa watoto katikati ya wahudumu kulikuwa miongoni mwa sababu ulizotoa. Kule Binz, Ujerumani, mgahawa wa Oma's Küche ulianza mwaka 2018 kuwazuia walio chini ya miaka 14 baada ya saa 11 jioni. Asichokitaja ni Korea Kusini, ambako maeneo ya namna hii yameenea, na ambako Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilisema mwaka 2017 kwamba mgahawa mmoja wa kisiwa cha Jeju uliokataa watoto ulikuwa unabagua. Kwetu, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inawakataza wenye baa, kumbi za disko na vilabu vya usiku kumruhusu mtoto aingie; mgahawa wa chai, juisi ya parachichi na kuku si mojawapo ya hivyo. Inachekesha kidogo kwamba katika mji huohuo, Jumamosi jioni, utawakuta watoto wakicheza kati ya kreti za bia kwenye sehemu za nyama choma bila mtu kuuliza umri wao, wakati wanaotaka kula wali wa Kyela na bibi yao wanarudishwa.

Kwa hiyo, ninakubaliana na baraza lisilo na watoto wakati majiko yanawaka. Sikubaliani na nyumba nzima kufungwa, wala na kibao cha nyuma ya maua. Kwa anayetaka kwenda: chakula nakipa alama tisa kati ya kumi, wahudumu tisa, utaratibu wa kupokea wageni nne. Ukiwa na watoto, nenda mchana, agiza kuku kwa simu saa moja kabla ya kutoka nyumbani, uliza umri na saa hata usipoambiwa, na omba ndizi ya kuchoma mapema. Haimo kwenye orodha lakini ipo. Wawili tulilipa shilingi 46,000 usiku, na risiti tulipewa bila kuiomba.

Wiki iliyopita nilipita pale nikiwa kwenye bajaji. Kibao kimehamishiwa getini, na sasa kimeandikwa kwa rangi. Saa ni ileile.