Toyota 86 ya otomatiki, Malindi hadi Nairobi: tangi moja linafika?

Toyota 86 iliyotoka 2012 ina injini ya lita 2.0, silinda nne za kulala, farasi 200, na tangi la lita 50. Safari ya kutoka Malindi, ukikata Mavueni na Kaloleni utokee Mariakani, inakaribia kilomita 600. Piga hesabu: ukipata kilomita 12 kwa lita, tangi linakauka mlangoni mwa jiji. Ukipata 14, unabakiwa na lita kama 7.

Wengi huamini gia za mkono ndizo zinazobana mafuta. Kwa gari hili sivyo, na hapo ndipo wanunuzi hukosea. Kwenye mwendo wa 100, gia ya sita ya otomatiki huzungusha injini mara 2,000 hivi kwa dakika. Ya mkono huifikisha 2,650. Vipimo vya serikali ya Marekani kwa barabara kuu viliipa otomatiki takriban kilomita 14.4 kwa lita, ya mkono 12.7. Kwa safari hii chukua otomatiki, na hali ya Sport ya gia uizime, maana hushikilia gia za chini.

Ukiteremsha mwendo kutoka 110 hadi 90, upinzani wa upepo unapungua kwa karibu thuluthi moja. Kinachomaliza mafuta hasa ni malori baada ya Mariakani: ukikanyaga ghafla, gia hushuka mbili na injini hulia. Kaa nyuma kwa nafasi, ongeza mwendo mapema barabara ikiwa wazi, kisha pita. Kupanda zaidi ya mita 1,600 hadi Nairobi peke yake hula lita 2 hadi 3, na nyingi yake utairudisha ukiteremka kurudi Malindi.

Upepo wa tairi ni psi 35 mbele na nyuma, upimwe alfajiri tairi zikiwa baridi. Ukipima mchana wa Malindi, kipimo kitakudanganya.

Chumvi ya bahari ndiyo adui asiyetajwa. Pini za kalipa, kile kibano cha breki kinachobana pedi kwenye diski, hushika kutu, pedi hubaki zikisugua diski, na gari linakokota breki njia nzima. Endesha kilomita 10 bila kufunga breki sana, simama, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Rimu moja ikiwa na joto kuliko wenzake, pini zitolewe, zisafishwe, zipakwe grisi ya breki. Kazi ni ya saa moja kwa fundi anayejua.

Matuta nayo: plastiki ya chini ya injini hung'oka klipu na kuning'inia, ikivuruga upepo chini ya gari. Klipu mpya ni rahisi kuliko petroli utakayopoteza.

Oili ni 0W-20, lita 5.4 pamoja na filta. Ukiwekewa 20W-50, ambayo ni nzito zaidi, kwa sababu ya joto, kataa. Injini itafanya kazi ya ziada kuisukuma. Mgandamizo wa injini ni mkubwa, 12.5:1, kwa hiyo nunua petroli ya oktani ya juu, la sivyo kompyuta huchelewesha cheche na ulaji hupanda.

Hata ukiendesha vizuri, ongeza lita 15 Mtito Andei. Pampu ya mafuta iko ndani ya tangi na hupozwa na petroli yenyewe, kwa hiyo usiliache tangi likaribie kukauka.