Miswaki midogo ya kati ya meno: uzoefu wangu wa miezi minne nikiwa na waya

Nilifungwa waya za meno nikiwa na umri wa miaka 34, na kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha kutwa nzima, nilichokiogopa ni mashavu kuchubuka, wala si fizi. Kwa mashavu, nta niliyopewa kliniki ilinifaa sana: unakikausha kibanio (kile kipande kidogo kilichogandishwa kwenye jino kushikilia waya) kwa tishu, unafinyanga kipande kidogo kama punje ya choroko, unakibandika, na unaweza kusema bila kukunja uso. Lakini kufikia wiki ya sita fizi za juu zilikuwa zimevimba, zikatoka damu kila nilipopiga mswaki, nami nikaanza kuzikwepa nikidhani nazihurumia.

Kwanza nilikimbilia dawa ya kusukutua yenye klorheksidini ya asilimia 0.2, ambayo muuzaji wa duka la dawa aliniambia niitumie mpaka nipone. Fizi zilitulia kidogo. Hata hivyo mimi ni mnywaji wa chai ya rangi asubuhi na jioni, na baada ya wiki tatu meno yalikuwa na madoa ya kahawia kuzunguka kila kibanio, na wali ulikuwa umepoteza ladha. Baadaye ndipo nilipoelezwa kwamba dawa hiyo ni ya muda mfupi, na kwamba haifai kusukutua nayo mara tu baada ya kupiga mswaki, kwa sababu baadhi ya viambato vya dawa ya meno huipunguzia nguvu.

Daktari alinishikisha kioo, akapitisha ncha ya chombo chake chini ya waya, ikatoka na ukoga mweupe, mzito kama uji uliolala. "Mwalimu," akasema, "hapa mswaki wako haujafika tangu Jumatatu." Siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

Ndiye aliyenielekeza kununua miswaki hii midogo, ambayo ukiiona utadhani ni brashi ya kuoshea chupa ya mtoto iliyopunguzwa ikawa na unene wa njiti ya kiberiti. Pakiti ya sita niliinunua kwa shilingi 12,000. Kosa langu lilikuwa kuchukua saizi moja tu, milimita 0.8, nikailazimisha kati ya meno yaliyobanana, na siku ya pili mswaki ukakatika. Sasa natumia ya 0.5 kati ya meno, na ile kubwa naipitisha nyuma ya waya, kutoka juu kwenda chini, upande mmoja wa kibanio kisha wa pili, huku nikiisuuza kila baada ya meno mawili matatu. Mwanzoni kazi hii ilinichukua robo saa kila usiku. Siku hizi dakika nane zinatosha.

Siku tatu za kwanza damu iliongezeka, nusura niache. Siku ya tano ikapungua, na mwishoni mwa wiki ya pili nilitema mate yasiyo na wekundu wowote. Maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi yaliniliwaza, lakini hayang'oi ukoga. Mama, ambaye hauamini mswaki wa plastiki hata kidogo, alinishikilia nijaribu mswaki wa mti. Nyuzi zake zilinasa kwenye vibanio viwili, nikazitoa moja moja kwa kibano cha nyusi.

Kasoro zipo. Nywele za mswaki mmoja hulala baada ya siku saba au nane, hivyo gharama haiishi, na mpini ni mfupi mno kwa magego, ambako vidole vyangu hugongana na shavu. Ipo aina yenye shingo ndefu iliyopinda, lakini katika maduka ya dawa ninayoingia hapa Tanga sijaiona. Tena kuna sehemu moja juu ya jino la pembeni ambayo bado imevimba kidogo, na daktari amenitahadharisha kwamba huenda isirudi sawasawa mpaka waya zitolewe. Ubuyu nimeuacha kabisa, kwa kuwa hakuna mswaki unaoumudu.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano naizuia mpaka nipate ile yenye shingo ndefu.