Rejeta Haikai na Moto? Kabla Hujatoa Hewa, Tazama Kichwa cha Vali

Haya, karibuni tena, wapenzi watazamaji. Leo nina kichwa cha vali ya rejeta, yaani rejeta ya maji ya moto inayopasha chumba joto, si ya gari; kichwa ni kile kitufe cha kuzungusha juu ya vali inayopitisha hayo maji. Nimekipenda mpaka naona aibu. Zile namba 1 hadi 5 zilizoandikwa juu yake mnazijua, sizirudii. Ila moja tu: hiyo namba ni ya joto la chumba, si la rejeta. 3 ni kama nyuzi 20 hivi. Ukipeleka 5, chumba hakipati joto haraka zaidi, kinapitiliza tu.

Sasa, wengi mnaniandikia: rejeta inapata moto, kidogo tu imepoa, na chumba bado baridi. Mnakimbilia kutoa hewa! Hewa hukaa juu. Juu pakiwa baridi na chini moto, sawa, itoeni. Pakiwa baridi chini, pale katikati, hilo ni tope la kutu, na video yake inakuja, bonyezeni kengele. Lakini ikipoa yote huku bomba linaloingia bado linaunguza, shukeni kwenye vali.

Nasogeza kamera. Nimetoa kichwa cha zamani, mnaona kipini hiki cha vali? Nakibonyeza kwa ubapa wa spana… kinaingia kidogo, naachia, kinarudi. Kizima. Kingeganda, ningekigonga taratibu. Usikivute kwa koleo, kikichomoka utaoga! Na sasa, bila kichwa, sikilizeni… maji yanapita, rejeta yote inapata moto. Basi mchawi ni kichwa.

Ndani yake mna nta au kimiminika. Kikipata joto kinatanuka, kinasukuma kipini, maji ya moto yanakatika. Pazia likikifunika, joto la rejeta yenyewe linakizunguka, nacho kinaamini chumba kizima kimeshapata joto. Kinafunga. Wewe unatetemeka.

Hiki kichwa kipya, kihisio chake, yaani sehemu inayohisi joto, kiko nje, mwisho wa kijibomba hiki chembamba kama waya. Kichwa kinabaki nyuma ya pazia, kihisio nakifunga ukutani, mbali na rejeta. Ngojeni, nakifumbata kiganjani. Msiangalie mkono wangu, angalieni huku chini ya kichwa, kile kinachosukuma kipini. Bado… bado… haya! Kinatokeza! Joto la kiganja tu, kule mbali, na huku kinasukuma. Naachia… kinarudi polepole. Hakuna betri, hakuna programu ya simu. Aa, narudia tena, acheni nifurahi.

Vile vichwa vya umeme vina ratiba, unavipangia saa, sikatai, na ratiba ni tamu. Lakini kimota kikilia usiku wa manane ukiwa umelala, utanikumbuka.

Ila kijibomba hiki, kadiri ninavyokishika, kinanitia wasiwasi. Kikivunjika, kilichomo kinavuja, kichwa hakina nguvu ya kufunga tena, na rejeta itakuwa moto mfululizo. Usikikunje, usikipigie msumari. Na bei inazidi ya kichwa cha kawaida, kwa hiyo kama pazia lako linafupishika, fupisha pazia, pesa yako ibaki mfukoni. Mwenye duka atanichukia.

Cha kuudhi ni thredi. Vali nyingi ni M30 kwa 1.5, yaani upana milimita 30 na milimita 1.5 kati ya uzi na uzi, lakini si zote, na humu kwenye boksi hawakuweka adapta hata moja! Pimeni kwanza, kisha niandikieni hapo chini yenu ni ya aina gani.